Jembe hufia shingoni: ufuaji wa zana wa kifamilia Tabora na Kigoma

Ukitaka kujua jembe limetoka mikononi mwa nani, usianze na bapa lake. Angalia shingo, pale bapa linapokutana na mkia unaoingia kwenye mpini. Bapa pana linalong'aa hata fundi wa juzi atakupa. Shingo ndiyo inayoonyesha kama aliyelifua alifundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa. Familia za wahunzi za Unyamwezi, Uha na Uvinza zimepoteza mengi katika miaka mia na ushee iliyopita. Tanuri la kuyeyushia mawe limekufa, soko la jembe kama fedha limekufa, na wateja wengi wamehamia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kilichobaki ni ujuzi wa moto, na ujuzi huo unaonekana sehemu mbili tu: kwenye shingo na kwenye makali. Nitaanza na historia kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini mafundi wengi wa leo wanakosea sehemu hizo hizo mbili.

Kabla ya reli, jembe lilikuwa bidhaa na pia lilikuwa malipo. Lilitolewa mahari, lililipiwa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ambao misafara ilipita nchini mwao, lilibadilishwa kwa mbuzi, kwa nafaka na kwa chumvi ya Uvinza. Chumvi hiyo nayo ni ya zamani mno: uchunguzi wa mambo ya kale umeonyesha watu walikuwa wakiichemsha kwenye chemchemi za Uvinza tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Aliyekwenda kuchemsha wakati wa kiangazi aliweza kurudi nyumbani na jembe badala ya mzigo wa chumvi. Tabora yenyewe ilikuwa soko zaidi kuliko kiwanda. Majembe mengi yaliyopita pale yalifuliwa kwa majirani, hasa upande wa kaskazini kwa Warongo wa maeneo ya Geita na Biharamulo, ambao kazi ya chuma ilikuwa ya koo maalumu, na ujuzi haukutolewa ovyo kwa mtu wa nje.

Njia za kuyeyusha zilitofautiana. Ufipa walijenga tanuri refu, mita 2 hadi 3 kwenda juu, lenye matundu chini yanayovuta upepo lenyewe bila mivukuto. Donge lililotoka pale lilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili, lenye mivukuto, kusafishwa. Warongo walitumia tanuri fupi na mivukuto ya bakuli zilizofunikwa ngozi. Uhaya kuna ushahidi wa chuma cha pua kilichotengenezwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978 na Peter Schmidt na Donald Avery, na bado kuna watu wanaodhani kila kitu kigumu kililetwa na meli.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya tanuri ni hiki. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri la udongo halikuhitaji kufika huko. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, ambayo hunyang'anya oksijeni kutoka kwenye mawe ya chuma. Karibu na nyuzi 1200 taka za mawe hulainika na kuchuruzika, na chuma hubaki kama donge lenye vitundu vingi. Donge hilo si chuma cha kufulia bado. Linapigwa likiwa jekundu hadi taka zimekamuliwa, na kila likirudi motoni hupungua uzito. Likiisha, haliko sawa kote: upande mmoja umenyonya kaboni kutoka kwenye makaa na ni mgumu, upande mwingine ni laini na hupinda bila kukatika. Mhunzi alilazimika kukivunja na kukichagua kwa macho, kigumu kikaenda kwenye makali na laini kikaenda kwenye mwili.

Hapo ndipo umbo la jembe la kale linapoeleweka. Bapa la umbo la moyo, unene uliobaki katikati na kupungua kuelekea pembeni, mkia mrefu uliochongoka. Chuma laini hakivunjiki ila kinapinda, kwa hiyo hatari kubwa ya mhunzi wa zamani ilikuwa jembe kukunjika, na alijikinga kwa kuacha nyama nyingi shingoni. Hakuwa na haja kubwa ya kuzamisha jembe kwenye maji, maana chuma chenye kaboni kidogo hakigeuki sana kikipozwa ghafla. Shika jambo hili, litarudi chini.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ikaleta majembe ya viwandani, na miaka iliyofuata maduka yakajaa majembe ya Uingereza, likiwemo lile lenye alama ya mamba, Crocodile, la kampuni ya Chillington ya Wolverhampton. Tanuri halikuweza kushindana. Kupata donge moja kulihitaji makaa mazito mara nyingi kuliko chuma chenyewe, siku za kuchimba mawe, siku za kukata miti, kundi la watu wa kuvukuta kwa zamu, na miiko ya ngono na ya chakula ambayo ilimtenga mtu na nyumba yake kwa siku kadhaa. Jembe la dukani lilipatikana kwa fedha iliyotafutwa kwenye kibarua. Lakini reli hiyo hiyo ilileta chuma chakavu, na mtu mwenye nyundo na mivukuto hakuhitaji tena mawe wala tanuri. Ndiyo maana uyeyushaji ulikufa na ufuaji ukabaki. Hizi ni kazi mbili tofauti, ingawa watu huzichanganya.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaka majembe yatengenezwe nchini. Kiwanda cha Ubungo Farm Implements, UFI, kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na baadaye Zana za Kilimo Mbeya. SIDO, shirika la serikali, ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na ina ofisi Tabora na Kigoma. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika, wahunzi wa vijijini walipata pumzi kwa sababu foleni ya jembe la dukani ilikuwa ndefu na karakana ilikuwa jirani. Soko huria lilipokuja, majembe ya China na India yakajaa. Familia zilizobaki kwenye kazi hii leo hazishindani na kiwanda kwa jembe jipya la kawaida. Zinaishi kwa ukarabati na kwa zana ambazo hakuna kiwanda kinachojali kuzitengeneza: shoka la mrina asali, tezo la mjenga mitumbwi, patasi ya mkata michikichi, kijembe cha palizi cha ukubwa wa mkono wa mteja mwenyewe.

Sasa chuma. Kinachoingia karakanani leo ni springi za bapa za malori na pikapu. Karibu zote zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65, na kromiamu au silikoni kidogo. Hiki si chuma cha babu. Kinakuwa kigumu sana kikipozwa ghafla, na mhunzi aliyerithi mkono wa chuma laini bila kurithi maelezo anakitendea kama chuma laini. Majembe yanayokatika shingoni yalianzia hapo.

Kuchagua springi kuna kazi yake. Springi iliyovunjika ndani ya gari imevunjika kwa kuchoka, na penye ufa mmoja kuna nyufa nyingine ambazo hazionekani. Kata na utupe sentimita 5 kila upande wa pale palipokatika, na usitumie eneo la tundu la katikati. Kinachobaki kioshe kwa mafuta ya taa, kiache dakika 10, kifute kikauke kabisa, kisha paka vumbi la chaki. Penye ufa mafuta yatajichora mstari. Chaki moja inatosha springi nyingi, na sielewi kwa nini karakana nyingi haziifanyi hatua hii.

Kama huna uhakika na chuma chenyewe, kiguse kwenye grenda. Nondo ya ujenzi, yenye kaboni ya karibu asilimia 0.2, hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache. Springi hutoa matawi mengi zaidi. Tupa kuukuu hutoa cheche fupi zilizojaa vipasuko kwa sababu kaboni yake hupita asilimia 1. Nondo inafaa mkia, koleo na vishikio, haifai makali. Tupa inafaa kisu kidogo na patasi, ila haifai jembe hata kidogo. Diski za plau na haro ni chuma kizuri na tayari ni pana, kwa hiyo hupunguza kazi ya nyundo, lakini hazina unene wa kutolea shingo; nitalirudia. Vipande vya reli, vibanio na boliti zake usinunue hata ukiletewa usiku kwa bei ya kutupa. Ni mali ya reli, na atakayelala mahabusu ni mhunzi.

Kwa jembe la mkia la ukubwa wa kawaida, chukua springi yenye upana wa milimita 70 na unene wa milimita 10, ukate sentimita 20. Hiyo ni karibu kilo 1.1. Sehemu ya kumi hivi itapotea kwa magamba ya moto na kunoa, utabaki na jembe la kilo 1. Kabla ya kukata, pasha springi hadi nyekundu na uizike kwenye majivu makavu usiku kucha. Bila hivyo tindo litaruka na utaharibu makali yake bure.

Makaa yawe ya mti mgumu, mtundu au muba, yaliyovunjwa vipande vya sentimita 3 hadi 5. Makubwa zaidi huacha mianya, hewa hupita bila kuungua na kukifikia chuma, na magamba huongezeka. Kina cha makaa kati ya mdomo wa hewa na chuma kiwe angalau sentimita 10. Feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli inatosha kabisa. Blowa ya umeme ni nzuri, ila lazima iwe na kilango cha kupunguza hewa, maana huunguza chuma upesi kuliko fundi anavyogeuka kuchukua nyundo.

Rangi ndiyo kipimo. Fulia chuma kikiwa cha rangi ya chungwa hadi karibu na manjano, acha kinapofika wekundu wa giza. Ukipiga chini ya hapo, hasa pembeni, unaanzisha nyufa ambazo hutaziona hadi siku ya kuzamisha. Kikitoa vimulimuli vyeupe motoni kimeungua. Chembe zake zimefunguka na hakuna dawa, kata sehemu hiyo. Karakana iwe na kivuli. Anayefulia juani kwenye mchana wa Tabora hupasha kupita kiasi kila mara, kwa sababu jua hufanya wekundu uonekane hafifu kuliko ulivyo.

Anza na mkia. Pima sentimita 3 kutoka mwisho wa kipande, hiyo ndiyo itakayovutwa. Hapa ndipo kosa la kwanza la shingo hutokea. Fundi mwenye haraka hukata pembe mbili kwa tindo au kwa grenda, akabaki na ulimi mwembamba katikati wenye kona kali za nyuzi 90 kila upande. Kazi inakwenda mbio, na jembe hilo litakatika hapo hapo kwenye kona, kwa sababu kila pigo shambani hukusanya nguvu yake kwenye pembe kali. Njia ya familia ni kubana kipande pande zote mbili kwa nyundo juu ya ukingo wa mviringo wa fuawe, mpigaji wa nyundo kubwa ya kilo 4 hadi 5 akipokezana na fundi mwenye nyundo ya kilo 1.5, hadi shingo ijipinde yenyewe kwa duara la milimita 6 au zaidi. Hapo chuma hakikukatwa, kimesogezwa. Kisha vuta mkia hadi sentimita 16, shinani milimita 16 kwa 12, nchani milimita 5. Uwe na pande nne, usiwe duara: mkia wa duara huzunguka kwenye mpini.

Shingo ni nyembamba kuliko bapa kwa upana lakini huwa karibu zaidi na kitovu cha moto wakati wa kupasha mkia, kwa hiyo huungua kwanza. Ukiona mkia umefika rangi na bapa bado jeusi, usiongeze hewa. Sogeza chuma.

Kutanua bapa ni kazi ya nguvu, haina siri kubwa. Tumia upande mwembamba wa nyundo ukiwa umelala sambamba na urefu wa kipande, chuma kitakimbilia pembeni. Kutoka milimita 70 hadi 180 huchukua kupasha mara 8 hadi 12 kwa watu wawili wanaoelewana. Acha unene wa milimita 5 karibu na shingo, ushuke hadi milimita 2 kwenye makali. Anayetanua sawasawa kote hupata jembe jepesi linalopendeza kwenye meza na linalokunjika kwenye matuta ya tumbaku.

Bapa likikamilika, pasha jembe zima hadi wekundu wa wastani, litoe, liache lipoe hewani mbali na upepo. Rudia mara 2. Hatua hii hutuliza mivutano yote iliyoachwa na nyundo. Wengi huiruka kwa sababu haionekani kwa mnunuzi.

Kisha maji, au tuseme mafuta. Chuma cha springi hakipendi maji. Kikizamishwa kwenye ndoo ya maji baridi, ngozi yake hujikaza kabla ya kiini, na utasikia mlio mdogo mkavu. Huo ni ufa. Wakati mwingine hausikii kitu, na ufa hujitokeza kesho yake. Tumia mafuta. Oili chafu ya injini hufanya kazi lakini moshi wake ni mbaya kwa kifua. Kigoma kuna mawese, na mawese ni bora: hupoza kwa kasi kuliko oili ya injini na moshi wake unavumilika. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60 kwanza, kwanza kwa sababu mawese huganda asubuhi ya baridi, na pili kwa sababu mafuta ya vuguvugu hutiririka na kufukuza povu la mvuke kwenye uso wa chuma. Debe la lita 20 linatosha majembe machache mfululizo, kisha lisubiri. Mfuniko wa bati uwe karibu, mafuta yakishika moto funika, usimwage maji.

Joto la kuzamisha ni karibu nyuzi 830 hadi 850. Kama huna kipimo, tumia sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku huacha kushika. Hapo ongeza rangi kidogo tu, iwe nyekundu ya cheri, na uzamishe. Zamisha makali peke yake, sentimita 4 hadi 5, ukiyapeleka mbele na nyuma taratibu. Shingo isiguse mafuta kabisa. Hili ndilo kosa la pili, na ndilo kubwa: jembe zima linatumbukizwa, shingo inakuwa ngumu sawa na makali, na mkulima anapogonga kisiki au jiwe shingo haina pa kunyumbulika. Mhunzi wa chuma laini angeweza kutumbukiza jembe zima na lisidhurike. Mjukuu wake akifanya hivyo na springi ya Scania, anauza mkia na bapa kila kimoja peke yake.

Makali yaliyotoka kwenye mafuta ni magumu na ni mepesi kuvunjika, yanapukutika. Lazima yarudishwe, yaani yapunguzwe ugumu kwa moto mdogo. Sugua uso kwa msasa hadi ung'ae, kisha pasha taratibu kutoka upande wa shingo, juu ya makaa yasiyo na hewa, uangalie rangi zikitembea kuelekea makali. Manjano hafifu ni karibu nyuzi 220, kahawia 250, zambarau 275, buluu 300. Kwa jembe subiri buluu ifike makalini, kisha ondoa. Panga pia ni buluu, kwa kuwa hupigwa mti mbichi na hupindishwa. Shoka ni zambarau. Tezo ni kahawia. Patasi ya mbao ni manjano iliyokolea, kabla tu ya kahawia. Ukipitiliza, hakuna njia ya mkato. Anza upya na kuzamisha.

Nilisema nitarudi kwenye diski. Jembe la diski hukatwa kwa umbo, likachomelewa mkia wa nondo. Bei yake ni nafuu na linatanda sokoni. Tatizo ni kwamba diski ina kaboni ya kutosha kuwa ngumu kando ya mstari wa kulehemu: joto la arki huipasha hadi nyekundu na chuma baridi kilicho jirani huipoza ghafla, yaani fundi ameizamisha bila kujua. Jembe hukatika milimita chache kando ya weldi, weldi yenyewe ikiwa nzima, na mteja anamlaumu aliyechomelea. Kama ni lazima kulehemu, pasha eneo lote hadi nyuzi 200 au 300 kwanza (tone la mate huruka mara moja), tumia elektrodi za E7018 zilizokaushwa badala ya E6013 za kuchomelea mageti, kisha zika jembe kwenye majivu lipoe polepole. Mkia wenyewe upishane na bapa kwa sentimita 6 angalau. Usiunge kichwa kwa kichwa.

Kigoma ina zana zake. Mkata michikichi hutaka patasi pana ya kukatia vikonyo vya mikungu kwenye mti mfupi, na panga zito lenye ncha pana kwa makuti. Wajenga mitumbwi ya mbao wa Ujiji na mwambao hutaka tezo lenye bapa lililopinda kidogo kuelekea kwa fundi, na patasi butu za kalafati, za kusukumia pamba iliyolowa mafuta kwenye viungo vya mbao. Patasi ya kalafati isinolewe. Mdomo wake uwe na unene wa milimita 2 hadi 3, pembe zimezungushwa, la sivyo hukata pamba badala ya kuisukuma na mtumbwi unavuja kwenye wimbi la kwanza. Na kichwa chake, pale panapopigwa nyundo, kiachwe laini kabisa. Kichwa kigumu hurusha vipande kwenye jicho.

Tabora, mrina asali anayechimba mizinga ya magogo hutaka shoka jepesi la mkia, linaloweza kugeuzwa kwenye kichwa cha mpini likawa tezo. Kwa hiyo mkia wa shoka lake unafuliwa mraba kamili, upana sawa na unene, ukae sawasawa ukigeuzwa robo ya mzunguko. Kiwandani halipatikani.

Mpini huharibu jembe zuri kuliko kitu kingine chochote nje ya karakana. Mkole unafaa kwa sababu hunyumbulika. Mninga ni mti mzuri, wa samani. Acha uwe samani. Chagua gogo lenye kichwa kinene kilichoota chenyewe, kwenye panda au kwenye shina la mzizi, kwa sababu nyuzi za mti hapo zimesokotana na hazipasuki. Kausha kivulini, ncha zimepakwa udongo au rangi zisipasuke. Tundu huchomwa kwa mkia wa zamani uliopashwa, si kwa keekee, na liwe dogo kuliko mkia kwa milimita 1 au 2, likipita kwa mshazari ili bapa likae kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 70 na mpini. Mkia utokeze nyuma sentimita 2 au 3. Hapo kila pigo la shambani huukaza. Jembe likilegea, usililoweke kwenye maji usiku. Mti huvimba, nyuzi zake husagika dhidi ya chuma, na ukikauka tundu linakuwa kubwa kuliko jana. Weka kipande cha ngozi mbichi kuzunguka mkia, ugonge tena.

Jembe lililolika halitupwi. Likibaki theluthi mbili, hukatwa pembe na kuwa kijembe cha palizi. Likiendelea kulika huwa kisu cha jikoni au kikwangulio cha ngozi. Kila mara linaporudi karakanani, mhunzi hupata kipato kutoka kwenye chuma alichokwisha kulipwa, na hii ndiyo hesabu inayofanya karakana ya familia isife. Weka alama yako: tindo dogo, mistari miwili au nukta tatu, kwenye bapa karibu na shingo lakini si juu ya shingo yenyewe. Alama iliyogongwa shingoni ni mwanzo wa ufa, na nimeona majembe ya mafundi wazuri tu yamekatika kwenye herufi za majina yao.

Kuhusu vijana: kijana anayevukuta tu hajifunzi kitu kwa miaka. Mpe kazi ya kurudisha makali mapema, patasi ndogo za chuma chakavu, kwa sababu rangi za joto hujifunzwa kwa macho na patasi moja ikiharibika hasara ni ndogo. Shingo ije baadaye, akishajua kusoma moto.

Na kwa mnunuzi anayesimama sokoni asubuhi: ning'iniza jembe kwa uzi na uligonge kwa ufunguo. Mlio mrefu ni dalili njema, mlio uliokufa unaashiria ufa. Pitisha kucha kwenye kona ya ndani ya shingo. Ikinasa, kona ni kali, liache. Kisha pitisha tupa kwenye makali mara moja. Ikiteleza bila kushika, makali yamebaki magumu mno na yatamegeka kwenye changarawe. Ikishika kidogo kwa shida ni sawa. Peleka tupa hiyo hiyo shingoni, na hapo lazima iume kwa urahisi. Isipouma, mwambie fundi alirudishe motoni mbele yako kabla hujatoa pesa.